Mume wa Daktari Aliyetema Chai

Marcella Dollimount alikuwa na kipaji cha kupanga watu. Kabla hajapata kazi ya serikali, aliendesha bingo ya kila Alhamisi katika ukumbi wa kanisa pale Skerry Bight. Mtu anayeweza kuwakalisha wajane wa pwani ya kusini ya Newfoundland katika ukumbi mmoja, kila mmoja kwenye kiti anachodai ni chake tangu enzi za mama yake, bila kikombe kurushwa, huyo anaweza kupanga lolote. Ndiyo maana kiwanda cha samaki kilipofungwa, na wakubwa wa afya wakatafuta mtu wa kuratibu msaada kwa madaktari wa vijijini katika ghuba tatu za pwani ile, hakuna mwingine aliyejisumbua kuomba.

"Mtamshindaje Marcella?" watu waliulizana. "Atawapanga hata hao wanaomsaili."

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Daktari akija, akute nyumba ina joto. Akikwama na mgonjwa, Marcella amtafutie daktari bingwa wa St. John's, mji mkuu, kwenye simu. Akichoka, aletewe daktari wa zamu amshikie kazi naye apumzike. Na juu ya yote hayo, daktari asiondoke. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa limeshindikana. Daktari mmoja aliondoka kwa sababu ya ukungu. Wa pili mkewe alimwambia achague, yeye au upepo. Wa tatu alikwenda mjini kununua viatu, na mpaka leo anavitafuta.

Basi Daktari Ishani Wickramage alipofika mwezi wa Septemba, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole na mkono usiotetemeka, mzaliwa wa Sri Lanka, Marcella alimtazama anavyoteremka garini akajisemea moyoni kwamba huyu hatoki. Nyuma ya daktari aliteremka mumewe, Ruwan, mwanamume mrefu mwembamba, amevaa koti lililokuwa zuri sana kwa nchi nyingine.

"Na wewe bwana, ulikuwa ukifanya kazi gani huko?" Marcella alimuuliza huku akimpokea begi.

"Biashara ya chai," Ruwan alijibu.

"Ah! Basi umefika nyumbani. Hapa tunakunywa chai kama meli inavyokunywa mafuta."

Ruwan alitabasamu. Angejua, angepanda gari arudi.

Marcella alianza kazi siku ileile. Alipanga zamu ya chakula: kila nyumba na siku yake ya kumpikia daktari. Jumatatu supu ya njegere, Jumanne samaki wa chumvi na viazi, Jumatano nyama ya kulungu iliyohifadhiwa kwenye chupa, na kuendelea hivyo mpaka Jumapili, ambayo ni nyama ya chumvi na kabichi, hata iweje. Alipanga watu wa kupasua kuni. Alipanga wa kuwafundisha wageni kucheza karata, wa kuwaingiza kwaya, wa kuwapeleka kuchuma matunda mwitu kilimani. Friji ya daktari ikajaa, wakaletewa friji ya pili, nayo ikajaa.

Tatizo ni kwamba Skerry Bight watu hawabishi hodi. Anayebisha hodi ni polisi au mchungaji aliyeleta habari mbaya. Wengine wote wanafungua mlango wa nyuma, wanaingia, wanakaa. Wiki ya kwanza tu Bi Zita Pardy aliingia na bakuli la pudini akamkuta Ruwan katikati ya jiko amevaa taulo.

"Endelea tu, mwanangu," Bi Zita alimwambia, akivuta kiti. "Nimelea wa kiume sita. Hiyo pudini uile ikiwa ya moto."

Akaila ikiwa ya moto, amesimama, mkono mmoja kwenye taulo.

Kila alikokwenda, Ruwan alipewa chai. Sasa, chai ya Skerry Bight ni jambo la kuelezwa taratibu. Birika linakaa juu ya jiko la kuni tangu asubuhi. Majani yakichoka, hayatolewi, yanaongezewa wenzao. Ikifika alasiri chai imekuwa nyeusi kama lami, ndipo inapomiminiwa maziwa ya kopo, ikageuka rangi ya matofali. Mwenyeji anakunywa vikombe vitatu bila kupepesa macho. Na mgeni anayekataa ni kama amekataa kupeana mkono.

Marcella, aliyekuwa akihesabu mafanikio yake kwa idadi ya mabakuli yaliyorudi matupu, aliona mambo yananyooka. Daktari Ishani aliipenda kazi. Siku mtoto wa akina Buffett alipokuja duniani akitanguliza makalio, Marcella alimpata bingwa kwenye simu haraka hivi kwamba bingwa mwenyewe alikuwa bado anatafuna chakula chake cha mchana. Alisikika akitafuna na kuelekeza, akitafuna na kuelekeza, mpaka mtoto akalia. "Safi sana," bingwa akasema, akaomba ruhusa akamalizie mkate wake.

"Huyu tumempata," Marcella alimwambia mumewe jioni ile. Mumewe, Cyril, aliendesha gari la kusukuma theluji na hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mm," alisema Cyril.

Mwishoni mwa Oktoba simu ya Marcella ililia. Alikuwa mjomba wake, Leander, mzee wa miaka sabini na kitu, ambaye kijiji kizima kilimwita Mjomba, na ambaye hajawahi kupiga simu isipokuwa mtu amekufa.

"Ametema," Mjomba Leander alisema.

"Nani katema? Nini?"

"Mume wa daktari. Chai yangu. Ametema."

"Mjomba, huenda ilimuunguza."

"Haikumuunguza! Nilimmiminia mwenyewe, nikamwekea maziwa. Tunaongea vizuri tu, namweleza habari za goti langu. Akashika kikombe, akaivuta hiyo chai, fyuuup! sauti ya bomba linalozibuka. Akaizungusha mdomoni. Akatazama dari. Halafu, Marcella mwanangu, akainama akatema ndani ya ndoo yangu ya makaa! Tena kwa nguvu. Tena hakukosea shabaha!"

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Mungu wangu, samahani.' Samahani inarudisha chai mdomoni? Na mwambie huyo mkewe, presha yangu sitaipima kwake tena. Acha inipasue."

Kabla simu haijapoa, wengine watatu walikuwa wamepiga. Mpaka jioni habari ilikuwa imezunguka ghuba zote tatu na kuongezeka njiani. Kwa wengine Ruwan alikuwa ametema kwenye sakafu. Kwa wengine, kwenye paka. Keshoyake watu wanne hawakutokea zahanati, na bakuli la Jumatano halikuja.

Hapo Marcella alifanya kosa lake. Badala ya kwenda kumuuliza Ruwan kilichotokea, alipanga. Alisimama dukani, mbele ya rafu ya biskuti, akatangaza kwa sauti ya bingo kwamba maskini mume wa daktari ana jino bovu, jino linamtesa, kitu cha moto hakigusi, na muungwana yule kwa aibu hakutaka kusema.

Uongo huo ulipokewa kwa moyo mkunjufu kupita kiasi. Skerry Bight haiwezi kumchukia mgonjwa. Mpaka saa sita mchana Ruwan alikuwa ameletewa karafuu, mafuta ya karafuu, chupa mbili za pombe kali, na kitambaa cha sufu cha kufunga shavu. Saa tisa mlango wa nyuma ulifunguka akaingia Gus Strickland, fundi wa mashua, mikono yake minene kama magogo, ameshika koleo.

"Nimelichemsha," Gus alisema, akiinua koleo. "Kaa hapo kwenye mwanga. Kwa shemeji yangu nilitoa mawili, wala hakulia."

"Kutoa nini?" Ruwan aliuliza, akirudi nyuma mpaka akagonga friji ya pili.

"Jino. Marcella amesema."

Asubuhi iliyofuata Daktari Ishani aliingia ofisini kwa Marcella, chumba kidogo kando ya chumba cha eksirei, akafunga mlango nyuma yake. Hakuwahi kuufunga kabla.

"Bi Marcella," alisema, "mume wangu hana jino bovu."

"Najua, daktari. Nilikuwa nataka kupoza mambo."

"Mambo gani?"

Marcella akamweleza: ndoo ya makaa, Mjomba Leander, paka. Ishani alisikiliza, midomo ikimchezacheza kama anayetaka kucheka, halafu ghafla machozi yakamjaa, akaketi.

"Yeye ni mwonja chai," alisema. "Ndiyo kazi yake. Miaka kumi na mitano Colombo, anaonja vikombe mia kwa siku, anavuta, anatema. Ungemeza zote ungekufa. Alisahau tu. Mzee anamweleza habari za goti, akasahau yuko wapi, mdomo ukafanya kazi yake. Tangu juzi hataki kutoka nje. Jana kaanza kupanga nguo zake kwenye sanduku. Na mimi nakwambia kabisa, yeye akienda, nami nakwenda."

"Daktari, tafadhali. Tumekupangia kila kitu. Chakula, kuni..."

"Ndiyo. Nimelishwa na kijiji kizima. Lakini sijapata Jumamosi moja ya kulala tangu nifike. Uliniambia daktari wa zamu atakuja kila baada ya wiki mbili. Yuko wapi?"

Daktari wa zamu wa kwanza alizuiwa na ukungu. Wa pili aliahirisha. Wa tatu, ukweli ni kwamba wa tatu alikuwa hajatafutwa. Siku ile ya kumtafuta, Marcella alikuwa akisuluhisha ugomvi wa wanawake wawili waliotaka wote kupika Ijumaa.

Alikaa na aibu yake kwa muda wa kutosha. Kisha akavaa buti akapanda mlima mpaka nyumbani kwa daktari, alikokuwa Ruwan. Alipofika mlango wa nyuma, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa, aliuondoa akabisha hodi. Ndani kitu kilianguka.

"Nani kafa?" Ruwan aliuliza, akifungua. Tayari alikuwa ameanza kuwa mwenyeji.

"Hajafa mtu. Nimekuja kuomba radhi kwa ajili ya koleo."

Ruwan alimkaribisha. Sanduku lilikuwa pale kando ya meza, wazi, nguo zimekunjwa vizuri. Marcella alijifanya halioni.

"Niambie kitu kimoja," alisema. "Chai yangu. Ulikunywa kwangu mara tatu. Sema kweli tu, mimi si Mjomba Leander."

Ruwan alisita. Mtu mstaarabu akiombwa ukweli huanza kwa kutafuta pa kujificha.

"Ni ya moto," alisema.

"Endelea."

"Ni... imara."

"Bwana Ruwan!"

"Imekufa," Ruwan alisema. "Imekufa tangu asubuhi, Bi Marcella, na nyinyi mnaendelea kuichemsha. Na inaniuma, kwa sababu majani yenyewe si mabaya! Humo ndani kuna majani ya Kenya, ya milimani, yana uchangamfu, yana rangi. Mtu ameamka alfajiri kuyachuma, halafu nyinyi mnayafanyia hivyo!"

Marcella alicheka mpaka akashika meza. Akataka aonyeshwe. Ruwan akachemsha maji mapya, akapima majani, akatazama saa mkononi, akamimina. Chai ilitoka ya rangi ya shaba, nyepesi, inang'aa. Marcella aliinusa, akaionja, akakaa akiitafakari.

"Nami nikwambie kweli?" aliuliza.

"Kweli."

"Haina kitu. Ni maji yaliyopishana na chai njiani."

Ruwan alimtazama, halafu, kwa mara ya kwanza tangu afike Newfoundland, akacheka kwa sauti, kicheko cha ajabu cha kwikwi kama pampu ya baiskeli. Walipotulia, Marcella alimuuliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza, siku ile ya begi.

"Unataka nini hapa? Si kile ninachotaka kukupa. Wewe unataka nini?"

"Nataka mtu anitume," Ruwan alisema. "Tangu nije hakuna aliyeniambia shika hiki, beba kile. Mke wangu anafanya kazi mpaka anasinzia na viatu, mimi naletewa supu kama nimelazwa. Mgonjwa humu ni nani?"

Marcella alishuka mlima akiwa na kazi mbili. Ya kwanza alishughulika nayo kwa simu siku nzima, akiomba, akibembeleza, akisifu mandhari. Madaktari wa zamu wote walikuwa wameshachukuliwa. Mwishowe akamkumbuka Daktari Eldon Fudge, aliyestaafu na kuishi ghuba ya pili, ambaye alikuwa ameshamkatalia mara mbili kwa maelezo kwamba mkewe hawezi kubaki peke yake. Safari hii Marcella alimsubiri Eldon aende posta, akampigia mkewe.

"Abaki peke yake nani, mimi?" Bi Fudge alishangaa. "Marcella, yule bwana ananipangia makopo kabatini kwa alfabeti. Mchukue. Mchukue hata leo. Nitamfungia na sandwichi."

Hivyo Jumamosi zikapatikana, mbili kila mwezi, na bado Bi Fudge akauliza kama hawahitaji na siku za kazi.

Kazi ya pili ilikuwa ngumu zaidi, maana ilimbidi aseme ukweli. Alikwenda tena dukani, akasimama palepale penye biskuti, akatangaza kwamba hapakuwa na jino, kwamba yeye ndiye aliyedanganya, kwamba kuonja chai na kuitema ndiyo kazi ya mume wa daktari, kwamba zamu ya chakula imefutwa, na kwamba Jumamosi mchana kila nyumba ilete birika lake ukumbini, chai kama inavyopikwa kila siku, ili mume wa daktari aionje na kuitema mbele ya watu.

"Atazitema zote?" Bi Zita aliuliza.

"Zote."

"Si ya Leander peke yake?"

"Ya kila mtu. Bila ubaguzi."

Jambo hilo liliwaridhisha sana. Kutemewa peke yako ni tusi, lakini kutemewa pamoja na kijiji kizima ni sherehe. Jumamosi ukumbi ulifurika. Meza zilipangwa kama za bingo, birika baada ya birika, na Ishani, aliyelala mpaka saa nne asubuhi, alikaa mstari wa mbele na alama ya mto bado shavuni. Ruwan alivaa aproni nyeupe aliyokuja nayo kutoka Colombo. Gus Strickland alipewa heshima ya kubeba ndoo.

Fyuuup! Ruwan alivuta. Alizungusha. Alitema. Ukumbi ukapiga makofi.

"Hii birika lake limepikiwa samaki," alitangaza.

"Mara moja tu!" alilia mwenye birika.

Fyuuup! "Hii ina majani ya aina mbili, na hayapatani."

"Kama wenye nyumba," mtu akasema nyuma, watu wakavunjika mbavu.

Ya Marcella aliitaja kuwa inaelekea kufufuka. Ya Bi Zita aliitema, akafikiri, akavuta tena, na Bi Zita akazunguka ukumbi mzima akiwaambia watu kwamba yake imerudiwa.

Mjomba Leander alikuwa ameapa hatakanyaga. Alikanyaga mwishoni kabisa, kofia imeshushwa usoni, birika limefichwa ndani ya koti kana kwamba ni mtoto mchanga. Watu walimpisha. Aliliweka mezani bila kusema neno, akamimina kikombe mwenyewe, akaweka maziwa mwenyewe, akarudi nyuma hatua moja, akakunja mikono.

Gus akasogeza ndoo. Ruwan akavuta. Fyuuup! Akaizungusha, akatazama dari kwa muda mrefu. Kisha, mbele ya watu wote, koo lake likapanda na kushuka.

"Ameimeza!" mtu alipiga kelele.

Ruwan alijifuta machozi kwa aproni. Hayakuwa ya huzuni.

"Basi?" alisema Mjomba Leander. "Yangu ni ya ngapi?"

"Mjomba," Ruwan alisema, "heshima yako nimekupa, nimeimeza. Ila ukitaka ukweli, ni ya mwisho."

Marcella alijiona mwenyewe akiandika kwa wakubwa kwamba daktari ameondoka tena.

"Ya mwisho kabisa?" Leander aliuliza.

"Kabisa. Miaka kumi na mitano nimeonja chai ya mashamba yote. Hakuna inayoikaribia."

Mzee aliligeuza neno hilo kichwani, upande huu, upande ule. Taratibu kifua kikaanza kumjaa. Akageukia watu.

"Mmesikia?" alisema. "Mmesikia wenyewe? Mashamba yote! Hakuna inayoikaribia!"

Akamkamata Ruwan mkono, akautikisa mpaka aproni ikafunguka, akamtaka aje Jumatatu amsaidie kushusha kuni, maana yeye goti haliko sawa na vijana wa hapa wavivu. Ruwan alisema atakuja. Jumatatu hiyohiyo Mjomba Leander alikwenda zahanati kupima presha, na Daktari Ishani alimsikia akiwaeleza wenzake kwenye foleni kwamba chai yake imewashinda wataalamu wa dunia.

Sanduku lilirudi juu ya kabati. Ruwan alitumwa mpaka akaanza kulalamika kwamba anatumwa. Wakati wa baridi, Marcella alipokuwa akisafiri kwenda ghuba nyingine kila Alhamisi, yeye ndiye aliyeshika bingo, na akapendwa mno na wajane kwa sababu kila alipotaja namba isiyo na mwenyewe aliomba radhi. Watu waliendelea kuingia kwake bila hodi. Alipouliza kama kuna dawa ya hilo, Ishani alimwambia alikwisha kuitafuta kwenye vitabu vyote. Masika yalipofika, daktari alikubali miaka mitatu mingine bila kubembelezwa.

"Nilikwambia," Marcella alimwambia Cyril.

"Mm," alisema Cyril. Halafu akaongeza, "Nyepesi ile ya yule bwana. Si mbaya." Marcella aligeuka kumtazama. Kumbe mwanamume alikuwa akipitia kule kunywa chai, na theluji akiisingizia.

Mwezi wa Mei ghuba ya tatu nayo ikapata daktari, kijana wa Saskatchewan, nchi tambarare ya ngano. Marcella alimpigia simu kabla hajaanza safari. Hakumweleza habari za supu wala kuni wala kwaya.

"Niambie kwanza, mwanangu," alisema. "Kitu gani hutaki?"

Kijana alikohoa. Alisikika kama anaona haya.

"Nikwambie ukweli, mama? Bahari. Naiogopa tangu utotoni. Kama kuna uwezekano wa nyumba ambayo haiioni..."

"Hilo dogo," Marcella alisema kwa uchangamfu. "Usiwe na wasiwasi kabisa."

Aliweka simu chini. Akaenda dirishani, akaitazama ghuba, na maji, na visiwa, na nyumba zote zilizojengwa na mababu zikiangalia baharini, upande uleule mmoja, hakuna hata moja iliyokosea.

"Cyril!" aliita. "Vaa viatu. Twende tukatafute nyumba iliyopinda."